Baharia wa Jumapili, mgongo wa Jumatatu

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya wiki tatu. Baadhi yenu mmeniuliza kama nimeoa, wengine kama nimeacha uandishi na kuwa msemaji wa wizara fulani. Hapana jamani. Nilikuwa nimelala chali natazama feni. Mgongo.

Najua mmeshaanza kucheka. Hata chumba cha habari walicheka. Kijana wa miaka ishirini na kitu akisema mgongo unamuuma, kila mtu Bongo anajifanya mganga na anajua chanzo. "Punguza shughuli za usiku, bwana mdogo." Tutalirudia hilo, maana nina hasira nalo. Kwanza niwape mkasa wenyewe.

Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba mwaka jana sisi vijana sita tulichanga tukanunua ngalawa kuukuu pale Kunduchi. Wote ni watu wa ofisini: wahasibu wawili, mwalimu, jamaa wa kompyuta, dada mmoja mfamasia, na mimi mtafuta habari. Hatuvui samaki. Tunatweka tanga Jumapili, tunakwenda mpaka Mbudya, tunarudi, tunapiga picha, tunajiita mabaharia. Nahodha wetu ni mzee wa palepale Kunduchi ambaye tunamlipa atufundishe na atuzuie tusife.

Jumapili ile tulifika saa nne asubuhi. Maji yamekupwa, ngalawa iko juu ya mchanga, na kati yake na bahari kuna mwendo wa kutosha kumtoa mtu jasho. Mzee akasema tungoje maji yajae. Nani wa kungoja? Sisi tuna ratiba, mwingine ana harusi saa kumi. Tukaamua kuishua kwa nguvu. Mimi nikashika nyuma, nikainama kama ndizi, nikasukuma huku nimejipinda upande mmoja ili nione mbele. Nikasikia kitu chini ya kiuno kama kamba iliyokatika. Sikupiga kelele. Nilikaa tu kwenye mchanga, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Jumatatu nilikuwa nimepangiwa kesi Kisutu, kesi niliyoifuatilia miezi minne. Sikuweza kufunga kamba za viatu. Habari ikaandikwa na mwenzangu, ikatoka ukurasa wa kwanza, jina lake juu. Hongera zake. Ila mjue kwamba kuumia mgongo si maumivu tu. Unanyang'anywa na kazi, na bodaboda anaanza kukuita "mzee".

Sasa nina maneno na watu wanne. Mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni ndugu zangu wa jimu. Nilikuwa mmoja wenu, kwa hiyo msinikasirikie. Siku tatu kwa wiki nilikuwa nanyanyua vyuma. Vyuma gani? Vya kifua na vya mikono. Misuli inayoonekana kwenye fulana. Nyuma, kiuno, makalio na mapaja ni habari za kichurachura, adhabu za shuleni, nani anataka? Hivi mmewahi kujiuliza ni misuli ipi inayovuta kamba ya tanga, inayokweza ngalawa, inayotoa nanga kwenye matope? Si ya kifua. Kazi karibu yote ya chombo ni kuvuta na kuinama. Nilikuwa najenga nyumba yenye baraza zuri na haina nguzo nyuma.

Chukueni hesabu hii ndogo. Misuli inayousimamisha mgongo imekaa kama sentimita 5 tu nyuma ya katikati ya pingili za uti. Ukishika ndoo ya lita 20, ambayo ni kilo 20 za maji, nusu mita mbele yako, umbali huo ni mara kumi zaidi. Maana yake misuli hiyo inatakiwa ivute kwa nguvu ya kama kilo 200 ili tu usianguke kifudifudi, na hapo sijaweka uzito wa kichwa chako, mikono yako na kifua chako ulichokijenga. Nguvu yote hiyo inabana diski zilizo kati ya pingili. Sogeza ndoo ileile iguse tumbo, hesabu inashuka sana. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, huanza hesabu zake za kunyanyua mizigo na kilo 23. Hicho ndicho kiwango cha juu wakati kila kitu kimekaa sawa: mzigo uko karibu na mwili, hujajipinda, unashikika vizuri. Ukianza kuinama mbali na kujipinda, kiwango kinashushwa. Sisi tulishika shina la mwembe lililochongwa, lililokunywa maji ya chumvi miaka nenda rudi, tukalisukuma tumejipinda.

Wa pili ni wale wanaosema bahari yenyewe ndiyo jimu. Hawa ndio wengi, na wana hoja tamu. Eti wazee wa Kunduchi, wa Nungwi, wa Kilwa hawakujua jimu wala vyuma, na walivuka bahari. Kwa nini sisi tujisumbue?

Ndugu yangu, mzee yule alianza kuvuta kamba akiwa na miaka minane, kamba nyepesi, pamoja na baba yake. Akaongezewa mzigo mwaka hadi mwaka, siku sita kwa wiki. Hayo ndiyo mazoezi ya nguvu yenyewe! Mzigo unaoongezeka polepole na mwili unaopewa muda wa kuuzoea, hakuna mwalimu wa jimu atakayekufundisha kitu kikubwa kuliko hicho. Wewe unakaa kwenye kiti siku tano, saa nane kwa siku, unaongeza saa mbili za daladala, halafu Jumapili unaurukia mzigo uleule wa mtu aliyeuzoea miaka hamsini. Unalinganisha nini na nini?

Tena mnawahesabu wazima tu. Wale ambao migongo yao iliwashinda hamuwaoni ufukweni, maana wako nyumbani wamekaa barazani.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda bahari wa mjini hatulitazami. Wazee hawa hawatumii nguvu hovyo kama sisi. Wanangoja maji yajae ili chombo kielee karibu. Wanaweka magogo chini ya ngalawa ibiringike. Wanavuta kwa sauti moja, wote kwa pamoja, kisha wanapumzika. Kutoa nanga, nahodha kwanza anakisogeza chombo mpaka kiwe juu ya nanga, ndipo kamba inavutwa wima, karibu na tumbo. Sisi tumechukua tanga na picha tu, subira tukawaachia wenyewe.

Wala msidhani ni ngalawa peke yake. Wapo marafiki zangu wanaokwenda kwenye vile vidau vya mashindano vya mtu mmoja, zamani vikiitwa Laser na tangu 2019 vikaitwa ILCA. Kidau kitupu ni kama kilo 59, kwa hiyo wanajiona wamepona. Lakini upepo ukikaza unaingiza miguu chini ya mkanda uliofungwa ndani ya kidau, unatoa makalio nje, unalala nyuma juu ya maji ili kisipinduke, na unakaa hivyo dakika nyingi. Kinachokushika hapo ni mapaja na misuli ya nyonga, na mmoja wa misuli hiyo umejishikiza kwenye pingili za kiuno zenyewe. Tumbo likiwa legelege, msuli huo unauvuta uti wa mgongo mbele, kiuno kinabonyea ndani, na ukishuka unatembea kama bata. Vidau hivi viliingia kwenye Olimpiki mwaka 1996, na hata wanamichezo wa kiwango hicho, wenye makocha na madaktari, magonjwa yao makuu ni mgongo na goti. Wewe wa Jumapili una kinga gani?

Wa tatu ni wauza tiba. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Siku ya pili nilijikokota hadi hospitali moja, jina nalihifadhi. Nikaambiwa nilale kitandani wiki mbili nisiguse kitu. Nikatii. Nikatoka pale nimekaza kama mbao za kitanda chenyewe. Baadaye ndipo nikasoma kile ambacho miongozo ya madaktari duniani imekuwa ikisema kwa miaka mingi: kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, kulala kitandani siku nyingi hakusaidii, kunachelewesha. Mtu anashauriwa aendelee kutembea na kufanya shughuli kadiri anavyoweza, na arudi kwenye kawaida mapema.

Nikanunua na mkanda wa mgongo Kariakoo, elfu thelathini na tano. Nikajiona nimevaa bima. Mwaka 2016 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 21 yenye watu zaidi ya 30,000 juu ya swali moja tu: nini kinazuia maumivu ya kiuno? Mazoezi pamoja na elimu ya kuutunza mgongo yalipunguza uwezekano wa kuumwa kwa kiasi cha asilimia 45. Mazoezi peke yake kama asilimia 35. Mikanda je? Haikuonekana kuzuia kitu. Wangu sasa unafungia tanga.

Na kipimo cha picha kisikutie kiwewe. Uchambuzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata kwa watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, 37 kati ya 100 wana diski zilizoanza kuchakaa kwenye picha. Wanacheza mpira, wanacheza muziki, hawana habari. Picha si hukumu.

Lakini nisije nikaua mtu kwa ukali wangu. Ukipata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia mkojo au choo au mkojo ukagoma kutoka, mguu ukiishiwa nguvu, maumivu yakija na homa, au yakianza baada ya kuanguka vibaya, hayo si ya kusoma kwenye ukurasa wangu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wa nne ni sisi wanaume wote. Piteni kituo chochote cha daladala, mtasikia spika: dawa ya mgongo, kiuno na nguvu za kiume, chupa moja. Vitu vitatu, chupa moja! Tumefundishwa kwamba mgongo wa mwanaume ni heshima yake ya chumbani, basi ukiuma unafichwa. Kijana anavuta kamba huku anaumia na hasemi, maana akisema atachekwa. Anaendelea mpaka siku anapogoma kuinuka. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa wanaumwa kiuno, na hakuna maradhi yanayowaharibia watu miaka mingi ya utendaji kuliko haya. Watu milioni mia sita wote wamekosea chumbani? Acheni utani.

Nilipoanza kutembea nilikwenda Kunduchi kumsalimia nahodha wetu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umepona?" Nikamweleza. Akacheka kidogo, akajishika kiuno. Kumbe sababu ya yeye kukaa usukanini tu na kutoa amri ni hiyo. Akaniambia wake ulikwenda zamani, siku aliyobeba nanga peke yake wakati wenzake wapo. Nikamuuliza kwa nini hakuwaita. "Walikuwa wananitazama," akasema.

Nimelala na jibu hilo siku kadhaa.

Haya, kupiga kelele bila kutoa njia ni kazi ya wanasiasa. Ninachofanya sasa ni hiki, na hakihitaji ada ya jimu. Kama tayari unaumwa au una ugonjwa, muone kwanza daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

La kwanza, jifunze kuinama. Usicheke, wengi hatujui. Simama kuupa mgongo ukuta, hatua moja mbali nao. Legeza magoti kidogo, mgongo unyooke, kisha sukuma makalio nyuma mpaka yaguse ukuta, kama unayefunga mlango wa gari huku mikono imejaa mizigo. Nyonga ndiyo bawaba, si kiuno. Ukiweza bila mzigo, shika dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, lakini tia maji lita 5 tu. Inama, chukua, simama. Mara nane, pumzika, rudia mara tatu. Kila wiki ongeza lita moja au mbili. Dumu ni chuma bora kuliko chochote, unaongeza uzito kwa bomba!

La pili, yale matatu ya Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyetumia maisha yake ya kazi kuchunguza uti wa mgongo. Lala chali, goti moja limekunjwa, viganja chini ya kiuno, inua kichwa na mabega kidogo sana bila kukunja kiuno. Halafu lala ubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, baadaye kwa miguu, mwili unyooke kama mlingoti. Halafu piga magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, kisha badili. Kila moja shikilia sekunde kama 10, shusha, rudia mara chache. Ni mazoezi ya kuchosha macho ya mtazamaji, hakuna atakayekupigia picha. Kazi yake ni kuufanya uti utulie wakati mikono na miguu inafanya kazi, na kwenye ngalawa kazi ni hiyo.

La tatu, kuvuta na kubeba. Funga kamba kwenye dumu, livute kwenye mchanga kuelekea kwako kwa kusukuma na miguu, mgongo umenyooka. Kisha libebe kwa mkono mmoja ukitembea hatua 40 bila kuinamia upande, badili mkono. Dada yetu mfamasia hufanya hili tangu zamani. Tulikuwa tunamcheka. Ndiye peke yake kati yetu sita ambaye hajawahi kulalamika, na siku ile ndiye aliyekuwa upande wa mzee: tungojeni maji. Hatukumsikia. Dada, samahani, hapa hadharani.

Siku mbili kwa wiki zinatosha kuanzia. Hata Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Nusu saa Jumanne, nusu saa Ijumaa. Msiniambie hamna nusu saa na nawaona mtandaoni usiku kucha.

La nne ni la ufukweni. Diski hunyonya maji usiku tukiwa tumelala, asubuhi zimevimba na kuinama sana kunazikaza zaidi. Mwaka 1998 utafiti wa Stover Snook na wenzake ulionyesha kwamba watu wenye maumivu sugu ya kiuno walipata nafuu kwa kuacha tu kuinama saa za kwanza za asubuhi. Kwa hiyo usitoke kitandani, ukakaa kwenye bajaji mwendo mrefu, ukashuka ukashika ngalawa. Tembea ufukweni dakika kumi kwanza. Ukiwa chomboni badili upande, nyoosha mwili kila nusu saa, na ukifua maji piga goti badala ya kujikunja.

Jumapili iliyopita tulikutana sita wote tukaweka sheria mpya, na nawashauri wenye vyombo mziweke. Hakuna kushua wala kukweza kabla ya mzee kusema maji yametosha. Magogo yawepo daima. Nanga kubwa inatolewa na wawili. Na yeyote anayesema mgongo unauma anapumzika, na anayemcheka ndiye anafua maji siku nzima. Sheria hii ya mwisho imeshampata mhasibu mmoja.

Mimi bado sijarudi kwenye kamba. Nakaa karibu na mzee, najifunza upepo. Dumu langu limefika lita 9. Mwezi ujao kuna kesi nyingine Kisutu, na nimeapa kwamba safari hii nitafunga kamba za viatu mwenyewe.

Naomba kutoa hoja.